Ufunguo wa Pili wa Nyumba ya Talaso

Ifrah, binti yangu,

Usishangae kuona nakuandikia ilhali chumba chako na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Nikikuambia haya uso kwa uso nitapaza sauti, unanijua. Nikipaza sauti nitaanza kujitetea, na nikianza kujitetea nitashinda. Mimi kwa maneno sishindwi, na hapo ndipo penye ubaya wangu wote.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia, kule shule ya bweni Hola. Kisomali nakisema tu. Halafu kwa Kisomali nina methali chungu nzima za kujificha nyuma yake, na leo sitaki kujificha.

Habari za kuchemsha maji, chandarua, na kutotembea na dhahabu huko Mandera, sitakuandikia. Wewe ndiye muuguzi, na mimi ndiye ninayekunywa maji ya mfereji hivi hivi. Ninalotaka kukuambia ni la mchana wa leo, lakini mzizi wake ni wa zamani, tangu ulipokuwa na miaka tisa.

Mchana wa leo yule mzee mwenye nyumba unayokwenda kupanga Mandera alipiga simu. Nilimweka kwenye spika, wewe ukiwa unakunja sare zako kitandani. Akasema, "Mama Ifrah, usiwe na wasiwasi. Binti yako ni binti yangu. Nina ufunguo wa pili wa chumba chake, nitakuwa naingia mara kwa mara kuona kama yuko salama." Na mimi, bila hata kumeza mate, nikamjibu, "Haye, mzee, ingia wakati wowote. Mtoto ni wako."

Nilidhani nimekufanyia hisani. Kwetu msichana akienda mbali hutafutiwa mtu mzima wa kumwangalia, na mimi nilifurahi kwamba nimepata mmoja kwa simu moja tu. Lakini uliacha kukunja. Ukaniangalia. Kisha ukainama ukaendelea na sare zako, na mimi nikatoka nikaenda kujifanya natafuta chumvi jikoni. Mtazamo ule naujua. Ulishaniangalia hivyo mara moja tu maishani mwako, na mara ile nilikufinya sikio.

Unamkumbuka Talaso. Najua unamkumbuka, maana Rukia wake na wewe mlikuwa mnakula sahani moja. Lakini ulikuwa mtoto, ukaona kipande hapa na kipande pale, kwa hiyo acha nikuhadithie yote, na mabaya yangu nisiyapunguze.

Talaso alikuwa mpangaji wangu, Mborana wa Wajir, mshonaji. Alikaa nyumba ya tatu ukiingia langoni, ile ya vyumba viwili. Mume wake alikuwa dereva wa lori, akafa kwa ajali barabarani. Talaso akakaa eda humo humo ndani, kama inavyompasa mjane: miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa lazima, hajipambi, mwanamume wa kando haingii kwake. Wanawake wote wa ploti walimsaidia. Wewe mwenyewe ulikuwa unatumwa dukani kumnunulia uzi na sukari. Na mimi nilimsaidia, usidhani sikumsaidia. Nilipeleka maziwa ya ngamia kila asubuhi na kila mtu akaniona nikiyapeleka.

Wakati huo kila mtu hapa mtaani Waberi alikuwa ananiita Mama Ploti na jina lilikuwa limeniingia kichwani. Nyumba sita, nilizijenga kwa duka la vitambaa, tofali kwa tofali, baba yako akiwa malishoni Sangailu na ng'ombe wake. Mwanamke ana nyumba sita! Nilikuwa natembea kwenye ua ule na fungu la funguo kiunoni, likilia cha cha cha, na nilipenda mlio wake. Ufunguo wa pili wa kila nyumba ulikuwa kwangu. Niliingia nilipotaka. Kama bomba linavuja, naingia. Kama nimesikia harufu ya kitu kinaungua, naingia. Wakati mwingine sikuwa na sababu yoyote, niliingia kuona kama wamepigilia misumari ukutani. Nilisema moyoni, mimi ni mwanamke, nao ni wanawake wenzangu, hodi ya nini?

Baba yako alishanionya. Aliniambia, "Ng'ombe wa maziwa ukimwazima jirani maskini ili watoto wake wanywe, je, unarudi kwake alfajiri na kibuyu chako kumkamua? Hurudi. Ng'ombe ni wako, lakini maziwa ni yake mpaka siku atakapokurudishia." Nikamwambia yeye abaki na ng'ombe wake na mimi nibaki na nyumba zangu. Nilimcheka, wallahi.

Unaona? Hata hapa nimeandika wallahi. Sisi tunaitia kwenye kila sentensi kama chumvi, mpaka siku moja unaitia mahali ambapo itakuunguza. Tutafika hapo.

Akaja afisa mmoja, mgeni, amehamishiwa Garissa kutoka chini. Ndivyo tunavyosema sisi wa hapa, "kutoka chini", kana kwamba Kenya ni ghorofa na sisi tumewekwa paani. Alikuwa mtu wa heshima, viatu vinang'aa. Alitaka nyumba ya vyumba viwili na zangu zote zilikuwa na watu. Nikafikiri haraka. Nikajiambia, Talaso eda yake imebaki mwezi mmoja na kitu, mume hayupo, lazima atarudi kwao Wajir. Nani aliniambia atarudi? Hakuna. Sikumuuliza. Nilimhamisha kichwani mwangu akiwa bado amelala kitandani mwake.

Nikamwambia afisa, "Twende nikuonyeshe."

Ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri. Nilifika mlangoni, nikajaribu komeo, nikakuta amefunga kwa ufunguo. Sikiliza hapo, Ifrah. Mtu aliyefunga kutoka ndani ameshasema neno lake. Mimi nikachomoa ufunguo wa pili, nikafungua, nikaingia, na yule mwanamume nyuma yangu.

Talaso alikuwa amekaa chini, ametoka kuosha nywele. Kichwa wazi, dera jepesi limelowa mabegani. Alipomwona mwanamume hakupiga kelele. Alitafuta cha kujifunika, hakukiona karibu, akavuta mswala uliokuwa umetandikwa hapo kando na kujifunika nao kichwa. Akageukia ukuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama Ifrah, niko eda."

Yule afisa alirudi nyuma kama amekanyaga kaa la moto. "Pole sana, mama. Samahani," akasema. Kisha akaniuliza mimi, nje, "Hukumwambia tunakuja?"

Na mimi, ya Rabbi, nikamjibu, "Haina shida. Nyumba ni yangu."

Nyumba hakuichukua. Aliniambia waziwazi, "Mama, nyumba ni nzuri. Lakini nani ataniambia kesho hutamleta mgeni mwingine mimi nikiwa naoga?" Nilimwona mjinga. Nikasema watu wa chini wana maringo.

Lakini jirani wa ng'ambo alikuwa ameona viatu vile vinavyong'aa vikitoka nyumba ya tatu. Sitamtaja, amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Yeye aliona alichoona: mwanamume, mgeni, anatoka kwa mjane aliye eda, anajifuta jasho usoni. Mimi nilikuwa nimeshamjibu pale mlangoni na kutangulia kwenda langoni. Maneno yakaota miguu. Kabla wiki haijaisha yalikuwa yamefika Wajir, na kule yakafika yamenona.

Shemeji yake Talaso, yaani ndugu wa marehemu, akaja na wazee wawili. Waliketi uani kwetu kwenye mkeka, nikawapa chai. Talaso alikuwa ndani kwake, nyuma ya pazia la mlango, anasikia kila neno. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, wewe ndiwe mwenye nyumba. Huyu mwanamume aliingiaje?"

Ningesema nini? Ningesema, nilimwingiza mimi, kwa ufunguo wangu, bila kubisha. Ni sentensi moja tu, haijazi hata mstari huu. Lakini niliona wazee wale, nikaona majirani wamesimama kwenye milango yao, nikafikiri jinsi kesho Waberi yote itasema Mama Ploti humwingizia mjane wanaume. Nikasema, "Nilipiga hodi mara tatu. Akasema karibu."

Mzee akauliza, "Una hakika?"

Nikasema, "Wallahi."

Dini yetu imetufundisha sote tangu chuo cha Kurani, toa salamu mara tatu, usipojibiwa rudi ulikotoka. Kwa hiyo nilijua kabisa ni uongo gani utakaoonekana mzuri. Niliuchagua, kama ninavyochagua kitambaa cha kumwekea mteja mbele. Uongo ule ulinitakasa mimi na ukamchafua yeye kwa mara moja, maana mjane anayesema karibu akijua mwanamume yuko mlangoni ni mjane wa namna gani?

Nyuma ya pazia Talaso alisema kitu kimoja tu. "Mama Ifrah, Mungu yupo." Wazee hawakumuuliza lingine.

Nilipoingia jikoni nilikukuta wewe na ndoo yako ya vyombo. Siku ile ya afisa ulikuwa hapo uani unafua soksi zako za shule, mimi sikukuona, au niliona mtoto na mtoto si mtu. Ukaniambia, "Hooyo, hukupiga hodi." Ulisema polepole, kama unayenikumbusha kitu nilichosahau. Nikakufinya sikio mpaka ukasimama kwa vidole. Nikakuambia, "Mtoto hasikii kila kitu." Hukulia. Uliniangalia tu.

Siku tatu baadaye Talaso alipakiwa kwenye pikapu ya shemeji, na cherehani yake, na Rukia. Eda haikuwa imeisha. Mjane anatolewa nyumba ya mumewe eda haijaisha, kwa sababu yangu. Rukia aliacha daftari zake kwetu na wewe ukazificha chini ya godoro. Nilizikuta. Ndiyo, nilizikuta, kwa sababu chumba chako pia nilikuwa naingia bila kubisha na kupekua chini ya godoro. Tangu mwezi ule ulianza kuweka sanduku nyuma ya mlango wako ukienda kulala, na mimi nikakugombeza, nikasema nani atakuiba wewe, mtoto mwenyewe umekonda? Nilijua unamzuia nani.

Miaka ilipita, na usidhani nilibadilika kwa sababu moyo wangu ni mzuri. Nilibadilishwa na mpangaji mmoja kijana, karani wa wakili. Nilimpa mkataba wangu wa ukurasa mmoja, akausoma, akatoa kalamu na kuongeza mistari. Nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akasema sheria inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu maadamu anatimiza yaliyo yake. Mwenye nyumba akitaka kuingia kukagua au kutengeneza kitu atoe notisi mapema, aje saa inayofaa, labda iwe dharura kama moto au bomba lililopasuka. Nikaja juu! Nikamwambia nimejenga kwa jasho langu, yeye alikuwa wapi nilipokuwa nabeba mchanga? Akanisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Mama, sisemi nyumba si yako. Nasema nikiwa ndani nimefunga mlango, niulize kwanza. Ni vigumu?"

Nilitia sahihi. Nikaingia dukani nikakaa nyuma ya marobota ya vitambaa nikalia. Haikuwa kwa sababu ya kijana. Katika maneno yake nilikuwa nimemsikia Talaso. Kumbe hata sheria ya serikali ilikuwa upande wake, na dini ilikuwa upande wake, na baba yako na ng'ombe wake walikuwa upande wake. Upande wangu nilikuwa mimi na fungu la funguo.

Baada ya hapo nikarudisha funguo za pili kwa wapangaji wote. Watu wakanisifu. Mama Ploti amestaarabika! Nikazipokea sifa, bila aibu. Lakini kwa Talaso sikwenda. Nilimwomba Mungu toba, nikafunga, nikalisha maskini, na sheikh aliniambia wazi kwamba haki ya Mungu ni kati yangu na Mungu, lakini haki ya mtu sharti nimrudishie mtu. Nikasema inshallah. Inshallah ile ilikuwa ya kumfukuzia sheikh.

Sasa nikuambie la aibu kuliko yote. Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Wajir alikuja dukani kununua kitambaa. Katika mazungumzo akanisimulia, hajui anamsimulia nani, kwamba kuna msichana kule amechumbiwa na posa imekwama. Upande wa mume umesikia kwamba mama yake alimpokea mwanamume akiwa eda, hapa Garissa, zamani. Msichana anaitwa Rukia. Mama mtu anaitwa Talaso.

Ifrah, unajua nilifanya nini? Nilisema, "Maskini." Nikaendelea kupima. Nikakata kitambaa mita tatu, nikakikata kombo, nikampa punguzo. Nilirudi nyumbani nikala chakula. Nikakaa wiki mbili, nikikununulia masanduku na kukuombea dua ya safari, huku nikijiambia hayo ni ya Wajir, hayanihusu. Na leo mchana nikachukua mlango wako wewe, mlango wa nyumba ambayo hujaingia bado, nikampa mwanamume kwa simu.

Uliponiangalia ndipo nikalikumbuka sikio lile.

Nilipotoka jikoni nilimpigia yule mzee wa Mandera. Nikamwambia neno langu la kwanza nimelifuta. Nikamwambia asiingie kwako bila kukuarifu siku moja kabla, na akija aje na mkewe, mchana, isipokuwa kuna moto au maji yamefurika. Nikamwambia utabadilisha kitasa na ufunguo wa pili utakaa kwako. Akakasirika. "Mama, unanishuku?" Nikamwambia, "Wewe sikujui vya kutosha hata nikushuku. Ninayemjua ni mimi, na mimi nilikuwa na ufunguo kama huo." Akaguna, akasema sawa. Lakini maneno yangu yasikutoshe. Nyumba ni yako, zungumza naye mwenyewe na muandikiane. Mimi ndiye niliyekutoa kwa neno moja, usiniachie mimi tena kukulinda.

Halafu nikataka kwenda Wajir. Mara moja! Nilishaona nitakavyoshuka, nitakavyoingia kwa Talaso, nitakavyojitupa miguuni pake nikilia, yeye ananiinua. Nilikuwa nimeshashika buibui ndipo nikashtuka. Naingia tena kwa mwanamke huyu bila kumuuliza?

Nikamtafuta yule mama wa kitambaa, akanipa namba. Talaso mwenyewe alipokea. Nilisema jina langu. Nikamwambia ninachotaka kusema na mbele ya nani. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Nyumbani kwangu usije. Nenda kwa wazee. Uongo uliusema mbele yao, ukweli usiseme mbele yangu peke yangu. Mimi naujua."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Kwanza posa ya mwanangu." Akakata.

Kwa hiyo nimempigia shemeji yake. Yupo, amezeeka, na mzee mmoja kati ya wale wawili bado yu hai. Nimemwambia awakusanye, na awaite watu wa upande wa mchumba wa Rukia, nina neno. Akaniuliza neno gani baada ya miaka yote hii. Nikasema, "La kiapo cha uongo. Changu." Akasema nije.

Naogopa, Ifrah. Najua Waberi itasikia kabla sijarudi. Najua binamu zako watauliza ilikuwa lazima nijivue nguo mbele za watu. Wewe huko Mandera utakuwa mgeni kazini na watu watasema huyu ni binti wa yule mama. Kwa hilo nakuomba radhi mapema, na kwa sikio lako nakuomba radhi nimechelewa. Ulisema kweli. Ulikuwa na miaka tisa na ndiwe mtu mzima pekee aliyekuwa nyumbani siku ile.

Basi lako la kesho linapita Wajir. Nimetuma mtu akanikatie tiketi ya humo humo, mpaka Wajir tu. Karani wa basi aliniuliza kwa simu kama anipe kiti cha kando yako, kiko wazi. Nilikuwa nimeshasema ndiyo, kisha nikamwambia angoje. Nimechukua kiti cha nyuma kabisa, kwa sababu sijakuuliza.

Mama yako